Figo imejaa mkojo, mrija umebana mwanzoni: upasuaji wa matundu madogo kwa bei nafuu Mombasa?

MwanaLikoni
Wadau, habari zenu. Mgonjwa ana miaka 26, figo ya kushoto. CT yaonyesha mfuko wa figo umevimba na mrija wa kupeleka mkojo kibofuni umebana pale unapoanzia, kijiwe hakuna. Amepewa njia mbili: kupasuliwa ubavuni, au matundu matatu kwa kamera, na hii ya pili bei yake imepanda mno. Tofauti hiyo yatoka wapi, na yaweza kupunguzwa bila kuharibu kazi? Na ile ya kupitisha kisu ndani kwa ndani, bila kugusa tumbo, yafaa?

Mkasi Baridi
Yatoka kwenye vifaa vya kutupwa na muda wa thieta. Waulize kama trokari (vibomba vya kupitishia vifaa tumboni) ni za chuma, zinazorudi kwenye otokleva, yaani mashine ya kuua vijidudu, au za plastiki za mara moja. Yatosha trokari moja ya mm 10 ya kamera na mbili za mm 5, uzi unaoyeyuka wa unene wa 4-0 au 5-0, stenti ya JJ (mpira mwembamba unaoachwa ndani ya mrija kutoka figo hadi kibofu), katheta ya kutoa mkojo kibofuni na dreni ya kutoa maji kwenye jeraha. Ile mashine ghali ya kukata kwa mawimbi si lazima. Mrija hukatwa kwa mkasi usio na umeme, maana umeme huunguza kingo, na kovu likija njia hubana upya.

Kazi yenyewe ni mtindo wa Anderson na Hynes wa 1949: kipande kilichobana chatolewa, mrija wapasuliwa kwa urefu kama sm 2 ili mdomo uwe mpana, kisha washonwa sehemu ya chini kabisa ya mfuko. Mrija ukijisokota hapo, mmerudi mlikotoka. Ndiyo maana uzi wa alama hutiwa kabla ya kukata. Kushona ndani ya tumbo kwataka mkono uliozoea. Kama daktari hajazoea, mchaneni ubavuni: matokeo ya muda mrefu hayapishani sana. Faida ya matundu ni maumivu machache na kurudi kazini mapema.

Babu wa Tudor
Kisu cha ndani kwa ndani ni rahisi ila hufeli zaidi, hasa mfuko ukiwa umevimba sana au pana mshipa wa damu unaopita mbele ya mrija. Huo mshipa ukikatwa kwa bahati mbaya, damu yake si mchezo. CT ya mishipa huuonyesha. Ukiwepo, mrija hukatwa ukaungwa upya mbele yake.

Halafu mbona hakuna aliyetaja renogramu, ile picha ya figo kwa dawa ya mionzi? Kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) nzuri haisemi kitu, figo ya pili yaweza kuficha. Picha hiyo, pamoja na furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, huonyesha figo ya kushoto inachangia asilimia ngapi na inamwaga kwa kasi gani. Ikipita dakika 20 bila nusu ya ile dawa ya mionzi kutoka, kizuizi ni cha kweli. Ikiwa figo inachangia chini ya asilimia 10, huenda hakuna cha kuokoa. Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, wanayo tiba ya nyuklia, inayopiga picha hiyo. Nauli ya treni ya SGR si kitu mbele ya upasuaji usiohitajika. Na akipata homa na baridi, asingoje tarehe: mkojo uliojaa kwenye figo utolewe kwanza kwa mrija wa mgongoni au stenti.

MwanaLikoni
Shukran babu. Stenti je, imo kwenye ile bei?

Mkasi Baridi
Hapo ndipo watu huliwa. Kuiweka imo, kuitoa mara nyingi haimo. Hutolewa wiki 4 hadi 6 baadaye kwa kamera ya kibofu, mara nyingi kwa jeli ya ganzi tu, hamna haja ya nusukaputi. Bei ya kuitoa iandikwe kwenye karatasi ile ile, na idhini ya SHA, bima ya afya ya serikali, iombwe mapema. Ikisahauliwa miezi, chumvi huigandia na kuitoa kwawa upasuaji mwingine.

Ubavu ukimuuma anapokojoa, ni mkojo unaopanda kupitia stenti, tamsulosini, dawa ya kulegeza misuli ya njia ya mkojo, husaidia. Dreni ikiendelea kumwaga mengi baada ya siku ya pili, kagueni kwanza katheta kama imeziba, kisha piga eksirei kuona kama stenti imefika kibofuni.