Sifa za mwaka katika Kiingereza: ni maelezo au ni kinga?

Ndugu wachangiaji, mwenzetu aliyetangulia amedai kwamba wasemaji wa Kiingereza wana ustadi ambao sisi tungefaa kuuiga, wa kuufunga mwaka mzima kwa kivumishi kimoja, na akatutolea mfano wa Malkia Elizabeth II. Mfano wake naukubali, ila hitimisho lake nalikataa.

Tarehe 24 Novemba 1992, katika ukumbi wa Guildhall jijini London, alipokuwa akiadhimishiwa miaka 40 ya utawala wake, Malkia alisema kuwa mwaka ule umegeuka "annus horribilis", maneno ya Kilatini yenye maana ya mwaka wa kutisha. Siku nne tu zilikuwa zimepita tangu kasri la Windsor kuungua, na mwaka huohuo binti yake alikuwa amepeana talaka na mumewe, huku mwanawe Andrew akiwa ametengana na mkewe. Kila aliyemsikiliza alijua sifa ile inasimama juu ya mambo gani, na alijua kwamba anayezungumza ndiye aliyefikwa. Kivumishi kilikuwa na mwenyewe.

Sasa tumtazame mshairi Mwingereza John Dryden, ambaye katika shairi lake la 1667 aliuita mwaka wa 1666 "annus mirabilis", yaani mwaka wa maajabu, ilhali ndio mwaka ambao London iliwaka moto kwa siku nne na nyumba zipatazo 13,000 zikateketea. Yeye alitazama vita vya majini dhidi ya Waholanzi na jiji lililonusurika lisiishe lote. Familia zilizolala nje katika viwanja vya Moorfields, nadhani, zingekuwa na neno jingine.

Kinachonikera zaidi ni mwaka 2020, ambao kwa Kiingereza uliitwa "unprecedented", yaani usiowahi kuwa na mfano wake, kila mahali, hata watunzi wa kamusi za Oxford, waliposhindwa kuchagua neno moja la mwaka, wakaliweka neno hilo katika kichwa cha taarifa yao. Mimi ni mtafsiri, na mwaka ule nililetewa barua ya kampuni moja ya utalii niigeuze Kiswahili kwa ajili ya wafanyakazi. Sentensi ya kwanza ilikuwa na neno hilo. Ya pili iliwaachisha watu kazi. Niliandika "mwaka usio na kifani", nikafuta, kwa sababu kwetu kisichokuwa na kifani ni kitu cha kusifiwa, nikaweka "mwaka ambao mfano wake haujapata kuonekana". Dereva mmoja aliisoma taratibu hadi mwisho, akaniuliza: "Kwa hiyo, mwalimu, ni mwaka ndio uliotufukuza?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa barua nzima haikumtaja mtu yeyote aliyeamua.

Tena neno lenyewe halikuwa kweli. Homa ya mafua ya 1918 iliua mamilioni ya watu duniani kote, na Uingereza ilikuwa imefanya zoezi la kujipima dhidi ya janga la mafua mwezi Oktoba 2016. Tume iliyochunguza janga la korona nchini humo ilieleza Julai 2024 kwamba nchi ilijiandaa kwa janga ambalo silo lililokuja. Hayo ni makosa ya watu na ofisi zao, na kivumishi kiliyafunika.

Sikatai kwamba nasi husema "mwaka mgumu" au "mwaka mbaya". Lakini tukitaka kuupa mwaka jina, mara nyingi tunautaja kwa jambo lililotokea: mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, mwaka wa mafuriko, na anayesikia anaweza kuuliza mara moja nani alikuwa na chakula na nani alikificha. Ndiyo maana naomba wahariri wetu, wanapotafsiri hotuba na taarifa za mwisho wa mwaka, waandike tukio na mtendaji wake kabla ya sifa. Mwenye barua ya mwaka 2020 ambamo neno lile halikufuatwa na hatua ya kumuumiza mtu, ailete hapa tuisome pamoja.