Watoto wa ndugu zetu walioko Marekani walelewe kwa desturi ipi?

Mkaazi wa Ngamiani: Assalamu alaikum, ndugu zangu. Mdogo wangu anaishi Columbus, Ohio, na watoto wake, ambao husikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, walipokuja Tanga likizo walimpungia bibi yao mkono badala ya kumwamkia. Mama aliumia sana. Wazazi wafanye nini bila kuwatenga watoto na wenzao wa shule?

Binti Pangani: Waalaikum salaam, kaka. Shikamoo hufundishwa nyumbani kila siku, likizo haitoshi.

Mzee wa Handeni: Wanangu, watazameni Wazigua waliochukuliwa utumwani kutoka huku kwetu hadi bonde la mto Juba, Somalia, katika karne ya 19. Walijifunza Kisomali na wengi wakasilimu, lakini wajukuu zao walihifadhi Kizigua kwa zaidi ya miaka 100, hata wale waliokimbia vita vya 1991 na kupokewa Chogo, wilayani Handeni, waliweza kusemezana na wenyeji. Nadhani kilichowasaidia ni kuishi pamoja vijijini, jambo ambalo familia moja iliyo peke yake mjini hailipati. Mdogo wako atafute wenzake kwanza.

Mkaazi wa Ngamiani: Ahsante, baba. Columbus kuna Wasomali wengi, na baadhi ya hao Wazigua pia walihamishiwa Marekani kuanzia 2003. Nitamwomba aulize kama wamo jirani, kwa sababu mama anazungumza Kizigua vizuri na angefurahi kuwasalimu kwa simu pamoja na wajukuu.