Kisukari kimejaa upande wa mama, na mimi nipo mpakani. Naomba ushauri

Habari zenu wakuu, niko Ujiji hapa Kigoma, me, miaka 34. Upande wa mama kisukari hakijatuacha salama, bibi alikuwa nacho, mjomba alikatwa mguu na sasa mama mwenyewe yupo kwenye metformini, dawa ya kushusha sukari. Kwa baba hakuna kabisa.

Juzi nikapima sukari asubuhi kabla ya kula ikaja 6.4, dokta akasema bado sio kisukari maana chenyewe kinaanzia 7 ila nishasogea, nipunguze kitambi na nitembee walau nusu saa kila siku. Sawa, lakini mimi ni bodaboda nashinda nimekaa, home ni ugali wa muhogo mchana na usiku na samaki migebuka wa mawese, nikimega kidogo wife anauliza nimekula wapi huko.

Mama mdogo ndo kanichanganya zaidi, eti kipo kwenye damu ukiandikiwa umeandikiwa, wakati dokta kasema kurithi kunaongeza hatari tu, sio lazima ukipate. Mdogo wangu kamsikiliza mama mdogo, hataki hata kupima.

Sasa waliozaliwa familia kama hizi mkaweza kushusha, mlikula nini haswa kwa maisha yetu haya? Kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hapa Kigoma kinapatikana wapi na shingapi? Na huyu dogo naanzaje kumshawishi?

Za mlonge na majani ya mstafeli msinitajie jamani, ninazo ndoo nzima.