Mradi wa ushauri wa kazi Ulaya: tuanzie nyumbani au ng'ambo ya mpaka?

Mleta mada
Ubia wa ushirikiano chini ya Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa elimu na mafunzo, lazima uwe na taasisi zisizopungua tatu, kutoka nchi tatu tofauti. Ruzuku ni ya mkupuo, yaani kiasi kimoja kilichopangwa tangu mwanzo: euro 120,000, 250,000 au 400,000, kwa kazi ya miezi 12 hadi 36. Lakini ushauri wa kazi na masomo hutolewa kwa sheria na mitaala ya kila nchi, na hapo ndipo miradi mingi hupwaya. Naona kila mbia aanze na walimu, wazazi na ofisi ya ajira ya kwao, atoke na ukurasa mmoja: mwanafunzi anachagua nini, akiwa na umri gani, nani anamshauri. Kikao cha nchi tatu kifuate baadaye.

Mchangiaji wa pili
Naunga mkono. Chukua karatasi ya zoezi "Nifuate njia ipi?" ya mwanafunzi wa miaka 15. Huko Finland inakaa sawasawa, kwa sababu watoto wote husoma pamoja hadi darasa la tisa. Ipeleke Ujerumani: majimbo mengi huwagawa watoto baada ya darasa la nne, Berlin na Brandenburg baada ya la sita. Njia imeshachaguliwa nusu! Hata tafsiri nzuri namna gani haiponyi hilo. Igaweni karatasi: upande wa mbele uwe wa wote (kujitambua, maswali ya kumhoji mfanyakazi), upande wa nyuma kila nchi ijaze njia zake na tarehe za maombi.

Mchangiaji wa tatu
Hapana, mnaifungia kazi ndani. Luxembourg hupokea wafanyakazi zaidi ya 200,000 wanaovuka mpaka kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani. Kijana wa Metz (Ufaransa) au Trier (Ujerumani), karibu na mpaka huo, akiuliza kodi atalipa wapi na cheti chake kitatambuliwa vipi, mshauri anayejua nchi yake tu atamjibu nini? Tena kila mbia akijifungia muda mrefu ataipenda zana yake, hataki iguswe. Ubia unabaki nembo tatu kwenye jalada. Washauri watembeleane mapema, wakae siku tatu wakisikiliza mazungumzo halisi na wanafunzi.

Mleta mada
Hoja ya Luxembourg ina uzito, naikubali. Basi nyumbani iwe wiki sita, ziara zifuate mara moja. Ila majaribio ya karatasi yasiwekwe katika fungu moja la kazi (sehemu ya mradi yenye bajeti yake) kwa nchi zote: mkupuo hulipa fungu lililokamilika, na mmoja akichelewa wote wanaumia. Angalieni likizo pia. Finland hufunga shule mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, jimbo la Bavaria, Ujerumani, husoma hadi karibu mwisho wa Julai na kurudi katikati ya Septemba.

Mchangiaji wa tatu
Wiki sita sawa. Lakini ule upande wa nyuma wa karatasi uongezewe mstari mmoja: "Na ukivuka mpaka?" Huo aujaze mshauri wa nchi jirani.