Ushauri: Somo la 7 linacheza kabla ya la 2 kwenye MP3 za darasani

Mwalimu wa Zamu: Wakuu, nafundisha Kiingereza darasa la tano. Nina masomo 24 ya kusikiliza kwenye MP3 ndogo (vile vifaa vya kuchezea sauti), ila yanacheza hovyo. Naanza Jumatatu, naombeni msaada.

fundi_memori: MP3 za bei rahisi hazifuati majina, zinafuata faili lipi liliingia kwanza. Ukinakili yote kwa mpigo yanaweza kuingia shaghalabaghala. Fomati memori kwa FAT32 (mfumo wa kuhifadhi faili), yaite 01, 02, 03, kisha nakili moja moja kwa mpangilio. Tumia mono (sauti ya njia moja), kilobiti 64 kwa sekunde: saa nzima inakula kama MB 29 tu. Sauti za WhatsApp hazitacheza humo, zigeuze kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, ziwe faili za MP3.

Bi Shemsa: Faili ni jambo dogo. Kila somo lina dakika ngapi? Zikifika 20 watoto watasinzia. Kata ziwe 4 au 5, na kila baada ya swali acha kimya cha sekunde 5 mtoto ajibu kwa sauti. Tucheze Tujifunze ya redio kule Zanzibar iliwafanya watoto waitikie, siyo wakae tu kusikiliza.

Chaki Nyeupe: Chuo cha Duke, Marekani, kiligawa iPod kwa mwaka wa kwanza wote mwaka 2004, kila mtu na yake. Wewe unazo ngapi? Zina kioo?

Mwalimu wa Zamu: 20. Watoto 118. Hazina kioo, ni zile za kubana kwenye nguo. Ninayo moja ya majaribio, na zote nimeshalipia nusu. Lakini bei ni nzuri, na zenye kioo watoto watachezea.

Chaki Nyeupe: Hilo ndilo ungeanza nalo! Bila kioo, mtoto akibonyeza mbele mara tano amepotea. Weka masomo ya wiki hiyo tu, na kila faili lianze kwa kutaja namba yake. Gawa darasa mara mbili, nusu waandike, nusu wasikilize watatu watatu kwa kigawanya cha earphone. Wakizidi hapo sauti inafifia.

Kitonga: Chai hii. Watoto 118, halafu MP3 20, zinachajiwa wapi? Subirini, sasa hivi atatoa namba ya duka.

Mwalimu wa Zamu: Siuzi kitu, mkuu. Umeme hatuna, kuna sola ya wati 20 ofisini.

fundi_memori: Kitonga, hesabu inakubali. Betri ya hizo ni kama mAh 200, volti 3.7. Zote 20 ni Wh (wati-saa) 15, na ukijumlisha umeme unaopotea weka 22. Jua kali la muda wa saa mbili linatosha. Ila kwenye tundu la USB la ampea 2 usichomeke zaidi ya 8 kwa mpigo. Likizo zihifadhi zikiwa na chaji nusu. Zikikaa tupu betri zinakufa.

Mwalimu wa Zamu: Asanteni. Za kubana sirudishi lakini.

Bi Shemsa: Basi omba 4 tu zibadilishwe, upewe zenye kioo na maiki. Watoto wajirekodi wakisoma, kisha wajilinganishe na sauti yako. Wanaochanganya r na l hawatanyooka kwa kusikiliza peke yake.