Mzinga uko kilomita 20 nyuma ya mlima, wanajuaje umepigwa kutoka wapi?

JaMamboleo: Wasee niaje. Jana radi ilikuwa inalia hapa Kisumu mpaka mabati yanatetemeka, tukaanza kubishana kwa kibanda cha chapo. Hii vita ya Ukraine, mtu anapiga mzinga akiwa mbali huko haonekani na bado anarudishiwa pale pale alipo. Wanatumia nini? Kuna jamaa anasema ni setilaiti mimi nimekataa, tumewekeana chapo mbili.

Naks_Lanet: Setilaiti inasaidia lakini ya kujibu haraka ni rada. Kombora la mzinga likishatoka ni kama jiwe tu umerusha, halikati kona. Rada inalidaka likiwa bado linapanda, inalisoma hapa na pale, alafu kompyuta inachora njia kurudi nyuma mpaka chini. Marekani ilipea Ukraine rada inaitwa AN/TPQ-36, Warusi wana yao inaitwa Zoopark. Shida ni kwamba rada ikiwaka inapiga kelele ya mawimbi na adui anaisikia, so unawasha kidogo unazima.

MkakaWaLurambi: Kabla ya rada ilikuwa masikio. Kakamega tangu utotoni ukiona umeme unahesabu mpaka ngurumo ifike, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Sasa vita ya kwanza ya dunia hawaoni hata mwako, so Waingereza wakapanga maiki kadhaa kwa mstari, sauti inafika kwa hii kwanza, kwa ile baadaye kidogo, na hiyo tofauti ndiyo inakuonyesha mzinga uko wapi. Mwanafizikia Lawrence Bragg alianza hiyo kazi 1915, mwaka ule ule alipata Nobel akiwa na miaka 25 (sisi tukiwa 25 tunatafuta bando). Lakini maiki zilikuwa zinadaka kila takataka, mbwa, lori, risasi. 1916 mwenzake Tucker akaleta waya wa moto. Mzinga ukilia unasukuma hewa kwa nguvu, hiyo hewa inapoza waya, kelele ndogo ndogo zinapita tu. Wanasema alishtukia baada ya kuhisi baridi inaingia kwa tundu za ukuta karibu na kitanda chake kila mzinga ukilia.

JaMamboleo: Ala! Kumbe mabati yangu ni maiki. Na si wapige alafu wahame?

Naks_Lanet: Ndio wanafanya. Mzinga wa Ufaransa unaitwa Caesar uko juu ya lori, unatema kadhaa unatoroka. Siku hizi lakini droni inawafuata mpaka kwa miti wanajificha.

JaMamboleo: Jamaa wa setilaiti amesoma hii yote. Anasema atalipa chapo moja.