Mrejesho: kundi la mashabiki wa AS Roma limesimama

Wakuu, mwaka jana niliwauliza namna ya kuwakusanya mashabiki wa AS Roma, klabu ya soka ya Italia, waliotawanyika Dar, Mombasa na Muscat. Mlinicheka, mkasema nitaambulia wazee watatu wanaomlilia Totti, nahodha wa zamani wa Roma. Tumefika 41, na wazee kweli wapo.

Kilichotutesa ni saa. Mechi ya saa 2:45 usiku kule Roma, msimu wa baridi kwetu ni saa 4:45, na Muscat saa 5:45. Nusu yao walikuwa wanasinzia kabla ya mapumziko. Nikafuata ushauri wa yule aliyesema nisilazimishe watu kutazama pamoja: siku hizi tunabishana kesho yake asubuhi, kila mtu na kahawa yake. Hapo ndipo kundi lilipochangamka.

Jezi za pamoja zilishindikana. Rangi ni njano na nyekundu, basi wa Yanga na wa Simba wakaanza kugombea ipi itawale (nilijitakia mwenyewe).

Mei 25 tulirudia kutazama fainali ya Conference League ya 2022 kule Tirana, Albania, Roma dhidi ya Feyenoord ya Uholanzi. Bao la Zaniolo lililotupa kombe tulilishangilia kama jipya.